Uchambuzi wa kisa: namba 3,215,031,751 iliyoingia kwenye mtihani kama namba tasa

Kisa hiki kinahusu swali moja katika mashindano ya hisabati ya shule za sekondari. Majina, mahali na mwaka vimeondolewa. Namba yenyewe imeachwa kama ilivyo, kwa sababu kila kilichotokea kilitokana na sifa zake.

Swali na mantiki yake

Washiriki hawakuruhusiwa kutumia kikokotoo. Swali lilisomeka hivi:

*Namba N = 3,215,031,751 ni namba tasa. Tafuta jozi zote za namba kamili chanya x na y zinazotimiza x² − y² = N.*

Ni swali zuri kimsingi. Mwanafunzi anayejua kwamba x² − y² ni sawa na (x − y)(x + y) anaona mara moja kwamba kila jozi inatokana na njia moja ya kuiandika N kama zao la vigawo viwili. Ikiwa N ni tasa, njia ni moja tu, yaani 1 × N. Kwa hiyo x − y = 1 na x + y = N, na jibu ni x = 1,607,515,876 na y = 1,607,515,875. Ukubwa wa namba ulikusudiwa kumzuia mwanafunzi asijaribu kubahatisha, ili alazimike kufikiri kwa mpangilio.

Mwongozo wa usahihishaji ulikuwa na jozi hiyo moja, na maksi zilitolewa kwa hatua: kuvunja tofauti ya miraba, kutumia utasa wa N, na kukokotoa x na y.

Namba ilivyopatikana

Mtunzi wa swali alitaka namba tasa ya tarakimu kumi. Kamati ilikuwa na programu ndogo ya kupima utasa, iliyoandikwa kwa Python na mtaalamu aliyewasaidia. Programu ilifanya kazi kwa hatua mbili. Kwanza iligawanya namba kwa kila namba tasa iliyo chini ya 100. Kama hakuna iliyogawanya bila baki, ilipima kwa njia ya Miller na Rabin, jaribio la utasa lisilohitaji kutafuta vigawo, ikitumia "mashahidi" (namba za kujaribia) wanne: 2, 3, 5 na 7.

Mtunzi aliuliza ni namba gani kubwa kuliko zote ambayo programu inaweza kuithibitisha. Akajibiwa 3,215,031,751, ndiyo kikomo kilichoandikwa ndani ya programu. Akaanzia hapo hapo, kwa nia ya kushuka namba moja moja hadi apate tasa. Hakuhitaji kushuka, maana namba ya kwanza aliyoijaribu ilikubaliwa. Mhakiki wa pili akaipitisha tena kwenye programu ile ile, akapata jibu lile lile, akatia saini.

Kilichojitokeza wakati wa kusahihisha

Karatasi moja ilikuwa na jozi mbili badala ya moja. Jozi ya kwanza ilikuwa ile ya mwongozo. Ya pili ilikuwa x = 10,645,876 na y = 10,645,725. Chini yake mshiriki aliandika kwamba N si tasa, kwamba inagawanyika kwa 151, na kwamba jozi ni "angalau mbili" kwa sababu hakupata muda wa kujua kama 21,291,601 inavunjika zaidi.

Msahihishaji wa kwanza alikata maksi za hatua ya pili na ya tatu kwa hoja kwamba mshiriki amepinga alichopewa. Karatasi ilipofika kwa msahihishaji mkuu, yeye alisoma ukurasa wa nyuma, na huko alikuta mgawanyo mrefu umeandikwa kwa ukamilifu:

321 kwa 151 ni 2, baki 19.
195 kwa 151 ni 1, baki 44.
440 kwa 151 ni 2, baki 138.
1383 kwa 151 ni 9, baki 24.
241 kwa 151 ni 1, baki 90.
907 kwa 151 ni 6, baki 1.
15 kwa 151 ni 0, baki 15.
151 kwa 151 ni 1, baki 0.

Jibu ni 21,291,601, na hakuna baki. Ukurasa huo ulionyesha pia njia aliyopita kufika hapo. Kwa 3 alijumlisha tarakimu (jumla ni 28, haigawanyiki kwa 3). Kwa 7, 11 na 13 alitumia makundi ya tarakimu tatu tatu: 751 − 31 + 215 − 3 = 932, na 932 haigawanyiki kwa yoyote kati ya hizo tatu. Kwa zilizobaki aligawanya moja baada ya nyingine. Namba 151 ni ya 36 katika orodha ya namba tasa, kwa hiyo kazi yote ilikuwa ndani ya uwezo wa mtu mwenye penseli na subira. Huyu alistahili kusomwa kwa makini tangu karatasi yake ilipofunguliwa.

Hatua za kamati, kwa mpangilio

Msahihishaji mkuu alisimamisha usahihishaji wa swali hilo, kisha akazidisha 151 × 21,291,601 kwa mkono kabla ya kugusa kompyuta. Ulikuwa uamuzi sahihi. Kuzidisha mara moja kunatosha kuthibitisha kwamba namba si tasa, na hakutegemei programu ambayo tayari ilikuwa inashukiwa.

Hatua ya pili ilikuwa kuivunja N yote. Hapa kuna jambo la kufurahisha kwa anayependa hesabu. Kwa kuwa hakuna namba tasa chini ya 151 inayogawanya N, hakuna inayogawanya kipande chochote cha N. Kwa hiyo 21,291,601 ilijaribiwa kuanzia 151 kwenda juu, na 751 ikaigawanya: 751 × 28,351. Kipeuo cha pili cha 28,351 ni 168 na ushee, hivyo zilibaki namba nne tu za kujaribu. Kwa 151 baki ni 114, kwa 157 baki ni 91, kwa 163 baki ni 152, kwa 167 baki ni 128. Basi 28,351 ni tasa, na

N = 151 × 751 × 28,351.

Vigawo tasa vitatu tofauti vinaipa N vigawo vinane, na vigawo vinane vinaunda jozi nne. Zaidi ya mbili za mshiriki, kuna x = 2,140,876 na y = 2,140,125 (kutoka 751 × 4,281,001), na x = 70,876 na y = 42,525 (kutoka 28,351 × 113,401). Thamani zote nne za x zinaishia na 876.

Hatua ya tatu ilikuwa kutafuta kwa nini programu ilikosea. Dhana ya kwanza ilikuwa kufurika kwa namba kwenye kumbukumbu, na ilikuwa dhana ya busara. Katika kupima, programu inazidisha namba zinazokaribia N kwa zenyewe, na mraba wa N ni takriban 1.03 × 10^19. Namba kamili ya biti 64 yenye alama ya kujumlisha na kutoa inaishia 9,223,372,036,854,775,807, ambayo haifiki hapo. Katika lugha nyingi za programu jibu lingeharibika kimya kimya. Lakini namba kamili za Python hazifuriki, na matokeo yaliporudiwa kwa njia nyingine yalikuwa yale yale. Hesabu za programu zilikuwa sahihi tangu mwanzo hadi mwisho. Kasoro ilikuwa katika tafsiri ya matokeo.

Uamuzi kuhusu maksi

Njia tatu zilijadiliwa. Ya kwanza, kufuta swali, ingemnyima maksi yule pekee aliyeona ukweli. Ya pili, kudai jozi zote nne, ingewaadhibu waliotumia kwa usahihi sentensi waliyopewa na kamati yenyewe. Kamati ilichukua ya tatu: maksi kamili kwa aliyepata jozi moja kwa hoja sahihi kutoka "N ni tasa", na maksi kamili kwa aliyeonyesha kwamba sentensi hiyo si kweli na kutoa jozi zinazotokana na kigawo alichokipata. Neno "angalau" la mshiriki lilihesabiwa kuwa sehemu ya jibu sahihi, kwa sababu alidai kile tu alichoweza kukithibitisha. Swali pia liliondolewa kwenye vigezo vya kutenganisha waliofungana.

Matokeo yalitangazwa upya pamoja na maelezo ya ukurasa mmoja kwa shule zote zilizoshiriki, yakiwa na mgawanyo uliooneshwa hapo juu.

Kwa nini mashahidi wanne walikubaliana

Njia ya Miller na Rabin huanza kwa kuangalia N − 1, ambayo hapa ni 3,215,031,750. Hii inagawanyika kwa 2 mara moja tu, na kubaki d = 1,607,515,875, namba witiri. Unachukua shahidi a, unamzidisha kwa mwenyewe hadi kipeo d, na kila hatua unabakiza tu baki la kugawanya kwa N. Kwa kurudia mraba kazi hii inakwisha kwa takriban hatua 30 za mraba, si bilioni moja na nusu. Ikiwa N ni tasa, jibu lazima liwe 1 au N − 1. Likiwa kitu kingine chochote, N si tasa, na hukumu hiyo haina rufaa.

Tatizo ni kwamba kinyume chake hakishiki. Kwa N hii majibu yalikuwa hivi: 2 inatoa 1, 3 inatoa N − 1, 5 inatoa 1, 7 inatoa N − 1. Wote wanne wamepita.

Sababu iko katika umbo la vigawo vyake. Ondoa 1 kwenye kila kimoja: 150, 750 na 28,350. Zote tatu zinagawanya N − 1 bila baki, na majibu ni 21,433,545, 4,286,709 na 113,405. Namba isiyo tasa, isiyogawanyika kwa mraba wa namba tasa yoyote, na yenye sifa hii huitwa namba ya Carmichael. Ya kwanza ni 561, na mwaka 1994 Alford, Granville na Pomerance walithibitisha kwamba hazina mwisho. Namba kama hii hulipita jaribio la zamani la Fermat, linaloangalia tu kama a^(N − 1) inaacha baki 1 ikigawanywa kwa N, kwa kila shahidi asiye na kigawo cha pamoja nayo. Kwa N yetu mashahidi hao ni 3,189,375,000, zaidi ya asilimia 99 ya namba zote zilizo chini yake.

Jaribio la Miller na Rabin ni kali zaidi, lakini N ina ujanja wa pili. Yale majibu matatu ya mgawanyo ni witiri, na 151, 751 na 28,351 kila moja inaacha baki 3 ikigawanywa kwa 4. Matokeo yake ni kwamba baki la a^d kwa kila kigawo p ni ama 1 au p − 1, basi. Ni 1 ikiwa kuna namba ambayo mraba wake unaacha baki a unapogawanywa kwa p. Mfano: 46² = 2116 = 14 × 151 + 2, kwa hiyo kwa kigawo 151 shahidi 2 anatoa 1. Kama hakuna namba ya namna hiyo, jibu ni p − 1. Shahidi anadanganyika pale tu vigawo vyote vitatu vinapotoa alama moja. Andika + kwa 1 na − kwa p − 1, kwa mpangilio wa 151, 751, 28,351:

2: + + +
3: − − −
5: + + +
7: − − −
11: + − −

Shahidi wa tano angeifichua. Tena 11 hafichui tu, bali anataja kigawo. Kwa kuwa 11^d inaacha baki 1 kwa 151 peke yake, kigawo kikubwa cha shirika (KKS) cha 11^d − 1 na N ni 151 kamili. Shahidi mmoja zaidi, yaani hatua nyingine 30 za mraba, angetoa kile ambacho mshiriki alikitafuta kwa migawanyo mirefu.

Mashahidi wa uongo kwa N, yaani wanaodanganyika, ni 797,343,750, robo kamili ya zile 3,189,375,000. Rabin alithibitisha mwaka 1980 kwamba mashahidi wa uongo hawawezi kuzidi robo, kwa hiyo namba hii imegusa dari. Shahidi akichaguliwa bila mpangilio, ana uwezekano wa takriban asilimia 24.8 kudanganyika. Wanne wa namna hiyo wote kudanganyika ni mara moja kati ya 264 hivi. Ishirini, ni chini ya mara moja kati ya trilioni.

Kikomo kilisomwa vibaya

Mtu anaweza kudhani kwamba kamati ilikuwa na bahati mbaya kupindukia. Pomerance, Selfridge na Wagstaff walionyesha mwaka 1980 kwamba chini ya 25,000,000,000 kuna namba moja tu isiyo tasa inayowapita mashahidi 2, 3, 5 na 7 wote, nayo ni hii. Uwezekano wa kuiokota kwa bahati ni sawa na hakuna. Bahati haikuhusika.

Majedwali ya njia hii husema: kwa namba *chini ya* 3,215,031,751, mashahidi 2, 3, 5 na 7 wanatosha. Mwandishi wa programu aliandika "ndogo kuliko au sawa na". Alidhani kikomo ni namba ya mwisho iliyo salama, na kumbe ni namba ya kwanza inayoharibu kanuni. Ndiyo sababu ina sura ya ajabu ajabu, haikuviringwa kuwa bilioni tatu. Kila kikomo katika majedwali hayo kimepatikana hivyo:

2,047 = 23 × 89 inamdanganya 2.
1,373,653 = 829 × 1,657 inawadanganya 2 na 3.
25,326,001 = 2,251 × 11,251 inawadanganya 2, 3 na 5.
3,215,031,751 inawadanganya hadi 7.
2,152,302,898,747 = 6,763 × 10,627 × 29,947 inawadanganya hadi 11.

Mtunzi naye, kwa kuanzia kwenye kikomo, alikwenda moja kwa moja kwenye namba pekee ambayo ile alama ya "sawa na" ingeleta madhara. Makosa mawili madogo ya watu wawili yalikutana mahali pamoja. Alama hiyo ingeweza kukaa humo miaka mingi bila kumdhuru mtu.

Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Usahihishaji wa ngazi mbili ulifanya kazi, kwa sababu wa pili alisoma hoja ya mshiriki na hakuishia kwenye jibu. Uamuzi wa kuzidisha kwa mkono kwanza nao ulikata mabishano mapema.

Uhakiki wa kabla ya mtihani ulishindwa kabisa. Kuendesha programu ile ile mara ya pili si uhakiki. Mhakiki wa pili alipaswa kutumia njia tofauti, na njia tofauti ilikuwepo, tena nyepesi. Kipeuo cha pili cha N kiko kati ya 56,701 na 56,702. Namba tasa zilizo chini ya hapo ni zaidi kidogo ya 5,700. Kompyuta ya kawaida inazimaliza kabla hujaondoa kidole kwenye kitufe, na jibu lake ni la uhakika bila kikomo wala shahidi. Kwa namba ya tarakimu kumi hapakuwa na sababu ya kutumia Miller na Rabin hata kidogo. Njia hiyo ni ya namba ambazo kugawanya hakuwezekani.

Ile hatua ya awali ya kugawanya hadi 97 nayo iliwapa imani isiyostahili. Kama ingefika 200, ambako kuna namba tasa 46 tu, ingemkuta 151.

Marekebisho yaliyofanywa

Programu sasa inagawanya hadi kipeuo cha pili kwa namba yoyote iliyo chini ya 10^12, na kwa kila isiyo tasa inatoa kigawo, ili mtu aweze kuzidisha mwenyewe. Juu ya hapo hadi 2^64 inatumia mashahidi 12, yaani namba zote tasa kuanzia 2 hadi 37, ambao imethibitishwa kuwa wanatosha kwa eneo hilo lote. Juu ya 2^64 haitoi tena neno "tasa". Inaandika "haijapatikana ushahidi kwamba si tasa", pamoja na idadi ya mashahidi waliotumika.

Ziliongezwa pia namba za kuijaribu programu kila inapobadilishwa: 561, kisha vile vikomo vitano vya hapo juu. Kwa zote sita jibu linalotakiwa ni "si tasa". Swali lenyewe limeandikwa upya kwa mazoezi ya klabu, likianza hivi: "N = 3,215,031,751 inagawanyika kwa 151 na kwa 751", na mwongozo wake una jozi nne.